Kutukana Timu Yako Ikiwa Hoi: Kweli au Si Kweli?

Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga waliifunga Simba 5-1 Uwanja wa Benjamin Mkapa. Saa za Dubai ziko mbele ya Dar es Salaam kwa saa moja, kwa hiyo filimbi ya mwisho ilipolia, huku Deira, Satwa na Al Quoz watu wa zamu ya usiku walikuwa wameshaanza kuvaa sare. Kabla basi la kampuni halijafika, simu zilikuwa zimejaa matusi. Hayakutoka kwa watani wa Yanga, maana watani walikuwa na furaha yao. Yalitoka kwa watu wa Simba wenyewe, yakaenda kwa kocha, kwa kipa, kwa mabeki, na kwa mama zao waliowazaa. Tangu wakati huo timu nyingine nazo zimeanguka, na kila mara hoja za kutetea matusi ni zilezile. Nazipitia hapa, kwa sababu naipenda hii jamii ya mashabiki wa Afrika Mashariki tulioko Dubai na sitaki tuendelee hivi.

"Matusi huiamsha timu iliyolala."

Si kweli.

Hoja hii inaaminika kwa sababu timu iliyotukanwa Jumamosi mara nyingi hushinda Jumatano. Lakini klabu kama Simba au Yanga hushinda mechi nyingi msimu mzima. Ikifungwa leo, kuna uwezekano mkubwa mechi ijayo itashinda, umetukana au umenyamaza. Mtukanaji anajipa sifa za ushindi ambao ungekuja hata bila yeye.

Tuichukue Simba hiyohiyo. Roberto Oliveira, yule Robertinho, alikabidhiwa timu Januari 2023, na mwezi huohuo ikaja hapa Dubai kupiga kambi na kucheza mechi za kirafiki. Kutoka hapo hakupoteza mechi hata moja ya ligi mpaka siku ile ya bao tano. Siku mbili baadaye hakuwa kocha tena. Je, timu iliamka? Msimu ule Simba walimaliza nafasi ya tatu, nyuma ya Yanga na Azam, na tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika ikawaponyoka. Abdelhak Benchikha aliyempokea Robertinho naye hakumaliza msimu. Kilichoinyanyua Simba ni kazi: katikati ya 2024 akaja kocha Fadlu Davids, kikosi kikasukwa upya, vijana wakapewa muda wa kuzoeana. Mei 2025 walikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane. Hakuna tusi hata moja la Novemba 2023 lililosajili mchezaji.

Mtazame winga anayezomewa na watu wake. Amepoteza mpira mara mbili, jukwaa limeguna. Mara ya tatu anapopata mpira hamkabili beki tena. Anaurudisha kwa beki wake wa pembeni, beki anaurudisha kati, wa kati anamrudishia kipa, na jukwaa linaguna zaidi kwamba timu haina makali. Makali yaliondoka pale winga alipoamua kwamba kutokosea ni bora kuliko kujaribu. Mchumi Thomas Dohmen alichambua zaidi ya penalti 3,600 za Bundesliga na kuchapisha matokeo yake mwaka 2008. Aligundua kwamba wachezaji wa timu ya nyumbani ndio waliokuwa wakikosa lango kabisa mara nyingi zaidi kuliko wageni. Hao walikuwa wakipiga mbele ya watu wanaowatakia mema. Uzito wa macho ya nyumbani peke yake unatosha kutetemesha mguu, sasa uongeze na matusi.

"Nimetoa hela yangu, nina haki ya kusema ninachotaka."

Nusu yake ni kweli.

Mtu anayelala kwenye kitanda cha kukodi na watu wengine watano chumbani, halafu akanunua jezi halisi na kulipia kifurushi ili aone mechi kwa simu, ametoa kitu kikubwa. Anayo haki ya kuuliza. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 zimejengwa na wanachama, na kuhoji usajili, matumizi ya fedha na ahadi za viongozi ni haki ya mwanachama kwa katiba ya klabu yake. Kusema beki fulani amepitwa mara tatu upande uleule bila kocha kubadilisha kitu ni haki. Kusema amekula hela za mtani, bila ushahidi wowote, ni kumharibia mtu jina. Hapo ndipo ninapokasirika hasa. Neno "kauza mechi" linarushwa kirahisi mno, na mchezaji hana namna ya kulifuta. Akicheza vibaya, ameuza. Akicheza vizuri wiki ijayo, anajisafisha.

"Niko Dubai. Nikimtukana kocha aliyeko Dar, nani atanifanya nini?"

Si kweli, na hii ndiyo inayoweza kumgharimu mtu maisha aliyoyajenga huku.

Umoja wa Falme za Kiarabu una sheria ya uhalifu wa mtandaoni, Amri ya Shirikisho Na. 34 ya 2021. Kifungu chake cha 43 kinamhusu anayemtukana mwenzake kupitia mtandao au chombo chochote cha teknolojia ya habari. Adhabu ni kifungo na faini ya kuanzia dirham 250,000 hadi 500,000, au mojawapo. Kiwango hicho cha chini ni zaidi ya dola 68,000 za Marekani. Ujumbe wa WhatsApp haujasalimika, na ile sauti unayorekodi kwa hasira ukiwa ndani ya basi ni ushahidi uliojitengenezea mwenyewe. Mara nyingi, tena, anayelalamika hatakuwa kocha wa Dar. Atakuwa mwenzako wa kundi hilohilo, shabiki wa timu yako, uliyemwita mbwa kwa sababu alimtetea kipa. Yeye yuko hapahapa Dubai na kituo cha polisi anakijua. Mahakama ikikutia hatiani, inaweza pia kuamuru uondolewe nchini.

Uwanjani nako kuna sheria yake, Na. 8 ya 2014, inayohusu usalama wa viwanja na matukio ya michezo. Polisi wa Dubai hukumbusha mara kwa mara, hasa kabla ya mechi kubwa, kwamba matusi na kurusha vitu kunaweza kuleta faini inayofika dirham 30,000. Sheria haiulizi kama uliyemtukana ni wa timu yako au ya wapinzani.

"Wachezaji ni mastaa, wala hayawafikii."

Si kweli. Mchezaji ana simu kama wewe, na mke wake anayo, na mtoto wake wa darasa la sita anayo. Dubai imeshaliona hilo waziwazi. Diego Maradona, mtu aliyezomewa katika viwanja vikubwa kabisa duniani, alikuwa kocha wa Al Wasl msimu wa 2011/12. Machi 2012, baada ya mechi dhidi ya Al Shabab, alipanda jukwaani kuwakabili mashabiki. Alikuwa anaamini wamewatukana wanawake waliokuwa wamekaa pale, mwenzi wake akiwa mmojawapo. Wale walikuwa mashabiki wa wapinzani. Bingwa wa dunia wa 1986 alishindwa kuvumilia hayo, na sisi tunategemea kijana wa miaka 21 kutoka Tabora au Kisumu ayavumilie kutoka kwa watu wa timu yake.

"Mashabiki ni kelele tu, matokeo yanaamuliwa uwanjani."

Si kweli. Bundesliga iliporudi Mei 2020 bila watazamaji kwa sababu ya korona, ushindi wa timu za nyumbani ulishuka kutoka takriban asilimia 43 ya mechi hadi karibu 33. Watu wale waliokuwa hawapo jukwaani walikuwa na thamani ya pointi. Kwa hiyo anayejitetea kwamba tusi lake ni kelele isiyo na uzito anajidharau bure, kwani uzito anao, ila anauelekeza kwa wake.

"Kuivumilia timu mbovu ni kulea uzembe."

Si kweli, ingawa naelewa inatoka wapi. Al Wasl hiyohiyo ya Zabeel ilibeba ubingwa msimu wa 2006/07, halafu ikasubiri miaka 17. Katikati ya kungoja huko ilimleta Maradona, ikamaliza nafasi ya nane, ikamfukuza Julai 2012 baada ya msimu mmoja. Ubingwa ulirudi 2023/24 chini ya Miloš Milojević, pamoja na Kombe la Rais. Majirani zao Al Nasr, klabu kongwe ya 1945, hawajaonja ubingwa wa ligi tangu 1986, na bado wana watu wao Oud Metha. Uzembe hauondolewi na mvumilivu wala na mtukanaji. Unaondolewa na uongozi, na uongozi unabanwa kwa maswali yenye majina, tarehe na hesabu. "Magarasa nyie" halimbani mtu yeyote.

"Timu ikiwa taabani, shabiki wa mbali hana la kufanya zaidi ya kulia na kufoka."

Si kweli, na watani zetu wa Jangwani, Yanga, wanalijua hili kuliko wote.

Yusuf Manji alipojiuzulu uenyekiti wa klabu Mei 2017, Yanga waliishiwa. Msimu wa 2018/19 klabu ilikuwa na shida ya fedha inayojulikana nchi nzima, mpaka kocha wao Mkongomani, Mwinyi Zahera, akawa anasimama mwenyewe kuhimiza mashabiki wachange. Watu wakachanga, wa elfu moja na wa laki. Juni 2019 wakafanya na hafla ya kuchangisha, Kubwa Kuliko. Kikosi cha msimu ule, cha watu wenye kila sababu ya kukata tamaa, kilimaliza nafasi ya pili nyuma ya Simba. Fedha za mdhamini GSM zilikuja na kufanya mengi baadaye, hilo lazima lisemwe, lakini zilikuta timu bado imesimama. Msimu wa 2021/22 Yanga walibeba ubingwa bila kupoteza mechi, na 2023 wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Wapo waliochangia kutoka mshahara wa ulinzi au wa usafi, na timu haikuwapa kombe la ligi kwa misimu minne.