Namba za kodi (muziki)

Namba za kodi ni mfumo wa kutaja kodi za muziki kwa nafasi zake katika skeli badala ya majina ya herufi. Kodi ni sauti tatu au zaidi zinazopigwa kwa pamoja.

Katika ufunguo wa C meja, sauti za skeli ni C, D, E, F, G, A na B. Zinahesabiwa kutoka 1 hadi 7. Hivyo C ni 1, F ni 4 na G ni 5. Kodi za 1, 4 na 5 ni meja, na za 2, 3 na 6 ni maina.

Kwaya nyingi za makanisa nchini Tanzania, zikiwemo za Kinondoni na Temeke mkoani Dar es Salaam, hujifunza nyimbo kwa solfa, mfumo uliosambazwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19. Anayejua solfa ameshajua msingi wa namba: do ni 1, fa ni 4, so ni 5.

Faida yake huonekana ufunguo unapobadilishwa. Wimbo wa 1–4–5–1 katika D hupigwa D, G, A, D. Ukiwa juu mno kwa mwimbaji, ukishushwa hadi C, hupigwa C, F, G, C. Herufi zimebadilika, namba ni zilezile. Mpiga kinanda hana haja ya kujifunza wimbo upya.

Mjini Nashville, Marekani, wanamuziki wa studio walianza kutumia mfumo wa aina hii miaka ya 1950.