Vina na Picha katika Mafunzo ya Kusoma: Thika na Ruiru

Kina cha Kiswahili ni mlingano wa silabi nzima. Maneno mengi huishia kwa irabu. Irabu peke yake haimfunzi mtoto jambo. Kitabu cha picha chenye vina humzoeza kuitambua silabi, ambayo ndiyo msingi wa kusoma. Lakini katika Thika na Ruiru watoto wengi hulelewa kwa Kikuyu, lugha isiyo na sauti /l/. Kwao 'mahali' na 'bahari' huweza kusikika kama vina, ilhali maandishi yanakanusha. Hapo picha hufaa: 'kalamu' na 'karamu' zikichorwa ubavu kwa ubavu, tofauti ya herufi moja huonekana. Basi mtunzi avipime vina vyake kwa sikio la mtoto kabla ya kuvipiga chapa.