Je, Wajua? Mjusi wa Kwenye Kopo Naye Hupata Matege

Je, wajua kwamba mjusi kafiri anayewinda mbu kwenye taa ya ngazini, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, ni nadra kuugua mifupa, ilhali mwenzake aliyefungiwa kwenye kopo sebuleni, ghorofa hiyohiyo, anaweza kupinda miguu ndani ya miezi michache? Wote wawili ni wa ukoo mmoja. Kinachowatenganisha ni jua na chakula. Madaktari wa wanyama wanauita ugonjwa wa mifupa wa kimetaboliki, na karibu kila mara anayeupata ni mjusi aliye mikononi mwa binadamu.

Unaanzaje? Moyo, misuli na mishipa ya fahamu ya mjusi haifanyi kazi bila kalsiamu kwenye damu. Kalsiamu ikipungua, vitezi vidogo vya shingoni hutoa homoni inayoiamuru mifupa iachie akiba yake. Mifupa inatoa, inatoa tena, mpaka inabaki na nyuzinyuzi laini mahali palipokuwa pagumu. Moyo unaendelea kudunda kwa gharama ya taya, uti wa mgongo na miguu. Ndiyo maana mwenye mjusi anaweza kudhani mnyama wake ni mzima kwa muda mrefu, na siku anayogundua, madhara yamekwisha kuwa makubwa.

Je, wajua kwamba mjusi anaweza kushiba kila siku na bado mifupa yake ikalala njaa? Inzi, nyenje, mende na funza wa unga wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, tena kwa mara kadhaa. Mjusi anataka kinyume chake: kalsiamu iwe karibu mara mbili ya fosforasi. Anayelishwa aina moja ya mdudu, bila kunyunyiziwa unga wa kalsiamu, anazidi kupungukiwa kila anapokula. Dawa yake ni rahisi: wadudu walishwe vizuri kwanza, majani ya kunde na karoti, siku moja au mbili kabla hawajaliwa, kisha wapakwe unga wa kalsiamu. Watu wengi wanaruka hatua zote mbili, na hapo ndipo kosa linapoanzia.

Je, wajua kwamba jua linalopita kwenye kioo cha dirisha haliisaidii mifupa hata kidogo? Mwanga unapita, joto linapita, lakini mionzi ya UVB, ile sehemu ya urujuanimno inayoiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D3, inanaswa na kioo. Plastiki nyingi nazo huizuia. Bila vitamini D3 utumbo haufyonzi kalsiamu sawasawa, hata ukiwekewa kijiko kizima. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta, jua limejaa mwaka mzima, na hata hivyo mjusi anaweza kukosa jua hatua mbili kutoka dirishani.

Utasikia watu wakisema mjusi wa usiku hana haja na jua. Mwaka 2000 watafiti nchini Marekani walichapisha kazi iliyowalinganisha mjusi wa nyumbani wa jamii ya Hemidactylus, ambayo ni jamii ya mjusi kafiri wetu, na mjusi wa Texas anayeota jua mchana kutwa. Ngozi ya yule wa usiku ndiyo iliyokuwa hodari zaidi kutengeneza vitamini D kutokana na mwanga kidogo. Mantiki yake inaeleweka: anayetoka mafichoni jioni, au anayepigwa na jua la dakika chache kwenye ufa wa ukuta, lazima alitumie vizuri. Ukimnyima na hilo dogo, umemnyima lote.

Je, wajua kwamba watoto wa simba waliwahi kuugua ugonjwa wa namna hiihii? Mwishoni mwa karne ya 19, katika bustani ya wanyama ya London, watoto wa simba walikuwa wakilishwa nyama isiyo na mifupa ya kutafuna, na walikuwa wakipinda miguu. Mwaka 1889 daktari mpasuaji John Bland-Sutton alishauri wapewe mifupa iliyopondwa, maziwa na mafuta ya ini la samaki. Walipona. Miaka 30 baadaye, mjini Berlin, daktari Kurt Huldschinsky akawaponya watoto wa binadamu wenye matege kwa kuwamulika na taa ya urujuanimno. Mtoto, simba na mjusi hesabu yao ni moja: kalsiamu, vitamini D, mwanga.

Je, wajua kwamba dalili unaweza kuziona bila mashine yoyote? Mjusi mzima anapotembea huinua tumbo. Mgonjwa hulikokota, viwiko vimetanuka pembeni, na vidole vya mbele vinatetemeka kila anapojaribu kushika. Mtazame akila: anamrukia mdudu, anamkosa, anamkosa tena, na akimpata taya halifungi sawasawa. Taya la mjusi mzima ni gumu, la mgonjwa hubonyea kwa kuguswa tu, na wakati mwingine linavimba mpaka anaonekana kama aliyeumwa na nyuki. Mgongo unaingia kibonde, mkia unajikunja. Hatua ya mwisho ni degedege. Kwenye picha ya eksirei mifupa inafifia mpaka inakaribia kulingana rangi na nyama. Lakini usimpime taya ovyo kwa vidole, maana mfupa uliolainika huvunjika kwa kubanwa kidogo.

Na jike ndiye anayeumia zaidi. Mijusi wa jamii ya mjusi kafiri hutaga mayai mawili yenye ganda gumu la chokaa, yale unayoyakuta nyuma ya fremu ya picha au kwenye kisanduku cha mita ya umeme. Ganda hilo linatokana na kalsiamu ya mwili wake. Baadhi ya mijusi wa mchana wa jamii ya Phelsuma hubeba akiba hiyo kwenye vifuko viwili vyeupe shingoni, vinavyoonekana kwa macho. Pemba ina Phelsuma wake, Phelsuma parkeri, asiyepatikana kwa asili mahali pengine popote duniani.

Je, wajua kwamba mmoja wa mijusi waliouzwa sana kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani ni Mtanzania? Ni mjusi wa buluu wa Kimboza, Lygodactylus williamsi, aliyeelezwa kisayansi na Arthur Loveridge mwaka 1952. Dume ni buluu inayong'aa, koo jeusi, tumbo la rangi ya chungwa. Jike ni kijani kilichochanganyika na shaba. Ni mdogo, urefu wake unatosha kidoleni. Anaishi kwenye misitu michache ya mkoa wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, na makao yake makuu ni msitu wa Kimboza, wenye ukubwa wa hekta 400 hivi. Humo anakaa juu ya mikadi, kati ya majani yake yanayotunza maji.

Watafiti walikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kikundi kimoja tu cha wakamataji kilitoa Kimboza mijusi kati ya 32,310 na 42,610, yaani takriban asilimia 15 ya wote waliokuwepo. Ili kumfikia mjusi mmoja, mkadi mzima ulikatwa. Mwaka 2012 aliorodheshwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, mjini Johannesburg, aliwekwa Kiambatisho cha Kwanza, kile kinachozuia biashara ya kimataifa ya wanyama waliokamatwa porini. Mwaka huohuo, mwezi Mei, serikali ya Tanzania ilikuwa imesitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Mjusi huyu ameumbwa kuota jua la Morogoro. Sanduku la kioo lisilo na taa ya UVB, katika nyumba ya Ulaya wakati wa baridi, ndiyo njia ya mkato ya kumletea ugonjwa huu tunaouzungumza. Binafsi naona msitu ule unastahili kujulikana na kila mtoto wa shule wa Dar es Salaam kama anavyoijua Serengeti.

Je, wajua kwamba mjusi aliyepinda anaweza kuokolewa? Wengi huokolewa, ugonjwa ukiwahiwa. Kazi ya kwanza ni kumtoa kwenye hatari ya kuanguka: sanduku fupi, pana, chini karatasi au gazeti, bila vijiti virefu vya kupanda. Maji kwenye kifuniko cha chupa ya soda, kwa kuwa hawezi kuinua kichwa juu. Kisha joto, kwa sababu mjusi aliyepoa hasagi chakula na ngozi yake haikamilishi kutengeneza vitamini D. Kisha daktari wa mifugo, ambaye atapima uzito wake na kupanga kipimo cha kalsiamu ya maji. Mjusi kafiri ana gramu chache tu, na mzani wa jikoni hausomi vizuri uzito huo. Ule wa masonara unafaa. Dawa hudondoshwa pembeni mwa mdomo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone baada ya tone, mwenyewe alambe. Ukimlazimisha kufungua taya utalivunja.

Jua? Ndiyo, lakini kwa akili. Mpeleke nje kwenye kizimba cha wavu, nusu kikiwa kivulini ili ajiamulie mwenyewe. Kopo la plastiki au la kioo likiachwa juani kibarazani humchemsha ndani ya dakika chache, na wengi wamekufa hivyo mikononi mwa watu waliowatakia mema.

Vidonge vya vitamini D vya binadamu usimpe kwa kukisia. Vitamini hiyo ikizidi hugeuka sumu, kalsiamu ikaganda kwenye figo na mishipa.

Baada ya wiki kadhaa mtetemo hupungua, baada ya miezi taya hukaza. Kilichokwisha kupinda hubaki kimepinda. Mjusi mwenye mgongo wa kibonde anaweza kuishi miaka, akala na akawinda kwa namna yake, ila atahitaji sanduku fupi maisha yake yote. Huyo hafai kurudishwa ukutani ajitegemee.

Je, wajua kwamba unga wa kumsaidia unauzwa palepale Kariakoo? Maduka ya pembejeo na vyakula vya mifugo huuza chokaa ya kuku, na ganda la yai lenyewe zaidi ya asilimia 90 ni kalsiamu kaboneti: lioshe, likaushe, ulikaange kidogo, ulisage mpaka liwe kama poda ya mtoto. Kuku wa mayai hutumia takriban gramu 2 za kalsiamu kwa ganda moja, na mfugaji asiyewawekea chokaa huwaona wakilegea miguu kwa sababu ileile ya mjusi. Onyo: chokaa ya kupakia ukuta siyo hiyo. Inaunguza. Usiiguse kwa kazi hii.

Harakaharaka: mjusi aliyekatika mkia huota mwingine, lakini mkia mpya hauna pingili za mfupa, una kijiti cha gegedu tu. Mkia ni ghala la mafuta, kwa hiyo mkia uliosinyaa ni dalili ya njaa. Mjusi kafiri hana kope, huyasafisha macho yake kwa kuyalamba. Hana sumu. Kinyesi chake chaweza kuwa na vijidudu vya salmonela, basi nawa mikono na ufunike chakula. Katika jina lake la kisayansi, Hemidactylus mabouia, neno mabouia alipewa mwaka 1818 kutokana na mijusi wa visiwa vya Karibi, ingawa asili yake ni Afrika.

Je, wajua kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na kwamba chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 kukamata na kumiliki mnyamapori kunahitaji kibali? Wa kuulizwa kuhusu vibali ni Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), si kijana anayekupitishia kopo dirishani mwa daladala.

Kwa hiyo, msomaji wa Kariakoo, Gerezani, Ilala na Kisutu: kama mwanao ameleta mjusi mzima ndani ya chupa, mwambie amrudishe leo ukutani alipomtoa, karibu na taa. Na kama mjusi huyo tayari anakokota tumbo na vidole vinatetemeka, usimwachie na usimtupe. Mpeleke kwa daktari wa mifugo asubuhi, na njiani nunua chokaa ya kuku.