Wanja wa manga na macho ya mtoto

Wanafunzi wangu wa kemia hawaamini uzito wa wanja wa manga mpaka waushike. Kipande kidogo tu, na kiganja kinashuka: kinazidi maji ya ujazo uleule takriban mara 7.5. Nikikigonga kwa mchi, hakivunjiki ovyo. Kinapasuka vipande vya pembe mraba kama dadu, kila upande uking'aa kijivu. Ukiendelea kutwanga mng'aro unapotea, unabaki unga mweusi tii.

Unga huo ni salfaidi ya risasi, madini yaitwayo galena. Katika gramu 100 za galena safi, zaidi ya gramu 86 ni risasi, ileile ya betri za magari. Iliyobaki ni salfa. Wamisri wa kale waliipaka machoni, na huku pwani bado yuko mtoto mchanga anayepakwa, apendeze na akingwe na husuda.

Jirani yangu mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mbona sisi tulipakwa na tumekua?" Swali lake ni la haki, maana galena haiyeyuki kwenye maji, ila kidogo mno. Lakini mtoto hufikicha macho, kisha hunyonya vidole. Tumboni kuna asidi, na asidi huivunja galena: salfa hutoka ikiwa gesi yenye harufu ya yai viza, risasi hubaki huru kuingia kwenye damu. Mwili huichukulia kama kalsiamu, ukaihifadhi mifupani kwa miaka mingi. Mtoto hufyonza risasi kwa wingi kuliko mtu mzima, na ubongo wake ndio kwanza unajengeka. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Ubaya wake hauna kelele: damu hupungua, tumbo husokota, masomo huwa mazito, na nani atakumbuka wanja?

Si kila wanja una risasi. Wa masizi ya mafuta hauna, lakini unga ukishachanganywa dukani macho hayatofautishi. Maabara pekee ndiyo itakayosema. Kwa hiyo nasema wazi: mtoto asipakwe kabisa, wala mjamzito asijipake wa manga, kwani risasi hupita kondo la nyuma.

Anayeshika jiwe hili asilitwange ndani ya nyumba wala karibu na chakula. Asilichome, maana moto hutoa moshi wa salfa unaokaba koo na kuigeuza risasi kuwa oksaidi, inayoyeyuka tumboni kwa urahisi zaidi. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisifagiliwe kavu, na mikono ioshwe kwa sabuni. Kinu cha wanja kisirudi kutwanga viungo. Na kama mtoto ameshapakwa, mpelekeni hospitali mkaulize kipimo cha risasi katika damu, mkiwa na kile kichupa cha wanja mkononi.