Ndoto Haiishi Tunapoamka

"Aa, hiyo ni ndoto tu!" Kauli hii tunaitumia sana sisi wanafunzi, na wakati mwingine tunaitumia hata tunapohakiki. Katika makala haya nitajaribu kueleza kwa nini nadhani tunakosea.

Nianze na kisa changu. Siku moja kabla ya mtihani niliota kwamba mwenzangu wa chumbani kaniibia daftari langu la fasihi. Nilipoamka, daftari lilikuwa pale pale mezani. Basi, yakaisha? Wapi! Mchana kutwa nilimjibu kwa mkato, na jioni aliponiomba nimwazime daftari hilo hilo, nikamwambia sinalo. Ndoto yenyewe nilikuwa nimeshaisahau. Iliyobaki ni shaka, nami nikadhani shaka hiyo nimeifikia kwa akili zangu timamu. Mpaka leo hatujakaa sawa.

Freud, katika kitabu chake juu ya ufasiri wa ndoto kilichotoka mwaka 1899 (ingawa kilipewa tarehe ya 1900), alieleza kwamba ndoto huchukua mabaki ya mchana: maneno, sura na vijambo vya siku iliyotangulia. Mwaka 1953, Aserinsky na Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza kwamba kuna vipindi vya usingizi ambapo macho huchezacheza chini ya kope, na mtu akiamshwa wakati huo mara nyingi husimulia ndoto. Hoja yangu ni kwamba njia hii ni ya kwenda na kurudi. Mchana huacha mabaki usiku, na usiku nao huacha mabaki mchana. Picha hufutika upesi, hisia hubaki. Na hisia ambayo hatujui ilikotoka hujifanya wazo.

Sasa tuje kwenye fasihi. Wengi wetu tunalalamika kwamba *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991) za Kezilahabi hazieleweki: mahali hapashikiki, wakati hauna mpangilio, mambo yanakatika kama ndotoni. Basi tunazisoma kalamu mkononi, tukiuliza kila kitu kinawakilisha nini. Mimi nilipomaliza *Nagona* sikuweza kumsimulia mtu msuko wake. Lakini wiki nzima, kila nilipotaka kusema darasani kwamba ukweli ni huu na si ule, nilisita. Riwaya niliyodhani imenipita ilikuwa bado inanifikirisha.

Sisemi kwamba mhakiki aache kuchambua ishara, hata kidogo. Swali la "hii ina maana gani?" lina nafasi yake. Ninachoomba ni tuongeze la pili: imeniachia wazo gani nilipoamka, na je, wazo hilo linastahili kufuatwa?

Ningejiuliza hivyo asubuhi ile, daftari ningelitoa.