KUSHONA, KUSHONEA NA KUSHONESHA: MSAMIATI WA USHONAJI WA NGUO ZA WATOTO NA ZAWADI NDOGO NYUMBANI

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu istilahi za Kiswahili umeelekea mno upande wa sayansi, sheria na utawala. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa nchini Tanzania mwaka 1967, suala kuu limekuwa namna ya kuzipatia dhana ngeni majina yanayofaa. Upande wa pili wa suala hilo haukupewa uzito kama huo. Zipo fani ambazo dhana zake si ngeni na majina yake yapo, ila hayajakusanywa ipasavyo kwa kuwa wenye kuyatumia si waandishi wa vitabu. Ushonaji wa nyumbani ni mojawapo ya fani hizo, hasa ule wa nguo za watoto na zawadi ndogondogo, ambao kwa kawaida hufanywa na mama, bibi, shangazi au dada mkubwa.

Makala haya yanaeleza msamiati wa kazi hiyo na kujenga hoja mbili. Kwanza, msamiati huo ni mfumo kamili wenye uwezo wa kutaja kila hatua na kila kipande cha vazi. Pili, maneno yake mengi hayaishi katika kamusi bali katika mikono. Mkono unapoacha kazi, neno nalo hukosa pa kukaa, na mara nyingine huondoka pamoja na ujuzi wenyewe.

2.0 Kitenzi 'shona' na mnyambuliko wake

Kitenzi 'shona' ni cha asili ya Kibantu. Kishona cha Zimbabwe, kwa mfano, kina 'kusona' kwa maana hiyohiyo. Lugha nyingine za jamii hii hutumia mzizi tofauti: Kiganda kina 'kutunga' na Kizulu 'ukuthunga', vyote vikiwa na maana ya kushona. Kiswahili nacho kina 'tunga', lakini kwa kupitisha uzi katika shanga au maua, na kutokana na maana hiyo kwa kupanga maneno yakawa shairi au hadithi. Kwa hiyo kazi ya mshonaji na ya mtunzi, ambazo katika Kiswahili cha leo zinaonekana kuwa mbali, zina ujirani wa muda mrefu katika lugha za Kibantu.

Uzito wa kitenzi hiki unaonekana zaidi katika mnyambuliko. Tuchukue sentensi tatu:

(1) Mama amemnunulia mtoto gauni.
(2) Mama amemshoneshea mtoto gauni.
(3) Mama amemshonea mtoto gauni.

Matokeo ni yaleyale: mtoto amepata gauni. Tofauti imo katika uhusiano wa wahusika. Katika (1) mshonaji hayumo kabisa. Katika (2) kiambishi cha kutendesha kinaonyesha kwamba yupo mtu wa tatu, yaani fundi, ingawa hakutajwa. Katika (3) mama mwenyewe ndiye mtenda. Hivyo msikilizaji hujua ni mkono wa nani ulioshika sindano bila kuhitaji maelezo zaidi.

Hata hivyo, kauli ya kutendea peke yake haithibitishi kwamba kitu ni zawadi. Fundi pia humshonea mteja suruali na kulipwa. Vilevile kauli hiyo hutaja kifaa na mahali, kama katika 'uzi wa kushonea' na 'chumba cha kushonea'. Kinachoifanya sentensi (3) ieleweke kuwa ni tendo la hisani ni uhusiano wa mama na mtoto.

Mnyambuliko hauishii hapo. 'Shonoa' ni kufungua kilichoshonwa, na 'shonoka' ni kufunguka kwa mshono wenyewe. Jozi hii ina umuhimu wa pekee katika nguo za watoto: vazi la mtoto hushonolewa kwa makusudi ili lipanuliwe anapokua, nalo hushonoka bila kukusudiwa anapopanda mwembe. 'Shonana' imevuka mipaka ya kitambaa, ikatumika kwa watu waliosongamana.

3.0 Hatua za kazi na majina yake

3.1 Kitambaa

Mfano unaofaa ni gauni la mtoto linaloshonwa kutokana na kanga. Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vilivyoungana, kila kimoja kikiwa na urefu wa takriban mita 1.5 na upana wa mita 1. Kila kipande kina pindo linalozunguka kingo, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyochapwa juu ya pindo la chini. Mshonaji huyazingatia yote matatu kabla ya kukata: pindo la kanga hupangwa liwe mapambo ya chini ya gauni, mji huwa kifua na mgongo, na jina ama huachwa lionekane au hufichwa, kwa kuwa si kila neno lifaalo kwa mama hufaa kuvaliwa na mtoto.

Kitambaa kipya cha pamba hurowekwa na kuanikwa kwanza, kwani hupungua kinapofuliwa. Mshonaji pia hutazama mwelekeo wa nyuzi. Nyuzi za urefu huitwa mtande, kutokana na kitenzi 'tanda', na zile zinazozikatiza huitwa mshindio. Kipande kikikatwa kwa kufuata mtande, vazi hutulia. Kikikatwa mshazari, huvutika. Jambo hilo huleta madhara likitokea kwa bahati mbaya, lakini huwa na manufaa pale linapokusudiwa, kama katika ukanda mwembamba wa kuzungushia shingo.

3.2 Kupima na kukata

Vipimo vya nyumbani vinaonyesha jinsi mifumo miwili inavyokaa pamoja. Futikamba hutoa inchi na sentimita, lakini shibiri bado inatumika, na mara nyingi nguo ya zamani ya mtoto hulazwa juu ya kitambaa ikawa ndiyo kielelezo. Kipimo cha mtoto kina kanuni yake: hakipimwi kwa mwili alio nao leo tu, bali hata kwa mwili atakaokuwa nao baada ya miezi kadhaa. Ndiyo sababu pindo la chini la vazi la mtoto huachwa pana, ili liweze kushushwa.

3.3 Kushikiza, kushona na kukunga

Vipande vikishakatwa hushikizwa, au hupigwa bandi, yaani hutiwa mishono mirefu ya muda itakayoondolewa baadaye. Neno 'shikiza' limenyambuliwa kutokana na 'shika', na kutokana nalo tumepata 'kishikizo', jina jingine la kifungo cha nguo. Baada ya bandi huja mshono wa kudumu: kwanza mabega, kisha mbavu, kisha mikono. Kiunoni hutiwa marinda kwa kupitisha uzi na kuuvuta hadi kitambaa kijikunje kwa usawa. Nguo ikihitaji kitambaa cha ndani hutiwa bitana.

Mwisho kingo hukungwa. Kitenzi 'kunga' kina maana ya kukunja ukingo wa nguo na kuushona ili usichanike, nacho kisichanganywe na nomino 'kunga' yenye maana ya siri au mafunzo ya ndani. Siku hizi wengi husema 'kupiga pindo' au 'kupinda', na 'kukunga' kunazidi kusikika kwa wazee. Hali kadhalika 'subana', yaani kikofia cha chuma kinachovikwa kidoleni ili sindano isichome, ni neno linalofifia kwa sababu cherehani imekipunguzia kidole kazi.

4.0 Vazi kama mwili

Sehemu za vazi katika Kiswahili kwa kiasi kikubwa hupewa majina ya mwili. Shati lina mikono, suruali ina miguu, gauni lina shingo, na mfuko una mdomo. Kanuni hii inaonekana kwa ukamilifu zaidi katika kanzu, vazi ambalo mtoto wa kiume wa pwani hushonewa mapema. Vipande vikuu vya mbele na nyuma huitwa badani, neno lenye asili katika Kiarabu 'badan', yaani mwili. Vipande vya pembeni vinavyolitanua vazi kuelekea chini huitwa taharizi. Ukunjo wa mwisho wa mkono ni sijafu, na kitambaa kinachoimarisha shingo kwa ndani ni kaba. Kipande kidogo kinachotiwa chini ya kwapa huitwa kikwapa.

Kikwapa kinastahili kuzungumzwa zaidi. Vazi lililokatwa kwa mistari iliyonyooka hubana mtu anapoinua mkono, na nguvu yote huishia katika pembe ambapo mkono hukutana na ubavu. Hapo ndipo nguo huanza kuchanika. Kikwapa, ambacho kwa kawaida ni kipande cha pembe nne, huigawa nguvu hiyo na kuupa mkono nafasi. Mtoto huinua mikono siku nzima, kwa hiyo yeye ndiye anayekihitaji kuliko wote. Mshonaji asiyelijua neno hili, mara nyingi hakijui hata kipande chenyewe. Huona nguo imechanika kwapani, akaitia kiraka, na baada ya wiki mbili huchanika tena. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa namna istilahi inavyohifadhi ujuzi. Kamusi ya Kiswahili-Kiingereza iliyohaririwa na Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1939 imeyasajili maneno kama badani, taharizi na kikwapa. Lakini neno kusajiliwa si sawa na neno kutumika.

5.0 Zawadi na majina ya nguo

Uhusiano wa nguo na zawadi katika utamaduni wa Waswahili umejitokeza hata katika semantiki. Mkaja ni kitambaa ambacho mwanamke hujifunga tumboni, hasa baada ya kujifungua. Ubeleko, au mbeleko, ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni, kutokana na kitenzi 'beleka'. Maneno yote mawili yamekuwa pia majina ya ada anazopewa mama wa bibi arusi. Kilemba nacho, mbali na kuwa kitambaa cha kichwani, ni jina la ada apewayo baba. Kwa njia hiyo jina la kitambaa limegeuka kuwa jina la shukrani: anayemchukua binti hurejesha, japo kwa ishara, nguo iliyomfunga mama tumboni na ile iliyombeba mtoto.

Zawadi ndogo zinazoshonwa nyumbani ni nyingi. Mwanasesere hushonwa kutokana na vipande vilivyobaki, akajazwa usufi unaotokana na mti wa msufi au mabaki ya vitambaa. Macho yake hudariziwa kwa uzi badala ya kutiwa vifungo iwapo mtoto ni mchanga, kwa kuwa kifungo kikichomoka humezwa. Kofia ya mkono, inayoshonwa Zanzibar, Lamu na kwingineko pwani, ina sehemu mbili tu, duara la juu na ukanda wa pembeni. Lakini vitundu vyake, ambavyo kila kimoja huzungushiwa uzi kwa sindano, huchukua majuma mengi. Mwanamke humshonea mume, mchumba au mwana, na thamani ya kofia hiyo hupimwa kwa wingi na usawa wa vitundu, yaani kwa muda wa mshonaji.

6.0 Matabaka ya msamiati na hatari ya kupotea

Msamiati huu una matabaka. Tabaka la msingi ni la Kibantu: shona, uzi, sindano, pindo, mtande. Juu yake limo tabaka la mashariki: badani, bitana, na vitenzi 'tarizi' na 'darizi'. Neno 'cherehani' pia limo humo, nalo huhusishwa na 'charkh' ya Kiajemi, yaani gurudumu. Waajemi wenyewe huiita mashine hiyo 'charkh-e khayyati', gurudumu la ushonaji. Tabaka la tatu ni la Kiingereza: zipu, kola, bobini, lastiki. Kukopa si kasoro. Bobini na zipu zilikuja pamoja na majina yake, na lugha ilizipokea kama ilivyoipokea bitana. Kasoro hutokea pale mwandishi wa kitabu cha sayansi kimu anapokopa au kubuni jina la kitu ambacho bibi wa jirani ana jina lake.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, haimo katika ukopaji bali katika soko. Mitumba imewawezesha wazazi wengi kuwavika watoto kwa gharama ndogo, na manufaa hayo hayapuuziki. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua, Rwanda ikapandisha ushuru, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nchi hiyo nafuu ya kuuza nguo zake huko bila ushuru. Mjadala huo ulikuwa wa viwanda na ajira. Athari ya kilugha haikutajwa. Nguo iliyokwisha kushonwa haimlazimu mtu kujua majina ya vipande vyake. Fundi bado ana kazi, lakini vitenzi vyake vimebadilika: hupunguza, hubana, hukata na kufupisha. Huu ni msamiati wa kurekebisha kilichotengenezwa na wengine. Ule wa kutengeneza, wenye badani, taharizi na kikwapa, hubaki bila mazoezi.

7.0 Hitimisho

Maelezo haya yameonyesha kwamba ushonaji wa nyumbani una istilahi zilizo kamili, zenye mantiki ya mwili wa binadamu na mnyambuliko unaotofautisha anayeshona, anayeshonesha na anayeshonewa. Kinachohitajika, kwa hiyo, ni kukusanya kabla ya kuunda. Kazi hiyo haiwezi kufanywa kwa dodoso la kuuliza 'hiki kinaitwaje' pekee, kwa sababu washonaji wengi hulikumbuka jina pale tu kazi inapofika mahali pake. Mkusanyaji hana budi kuketi na mshonaji tangu kitambaa kinaporowekwa hadi pindo linapokungwa, na ikiwezekana ajifunze kushona. Akitoka hapo na vazi moja la mtoto pamoja na majina ya vipande vyake vyote, atakuwa ameihudumia lugha kwa kiasi ambacho orodha ndefu ya maneno yasiyo na mtumiaji haiwezi kufikia.