Lugha ya Kwanza ya Mwanafunzi wa Kompyuta

Mzazi wa Kibondo au Kasulu ambaye mwanawe amerudi likizo kutoka chuo kikuu na kitabu cha lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, ana haki ya kuuliza kwa nini kijana asomeshwe lugha yenye zaidi ya nusu karne, ilhali huko nje kila mtu anaitaja Python. Na swali hilo lastahili jawabu la dhati, kwa maana lugha ambayo mwanafunzi huanza nayo ndiyo humjengea mazoea ya kufikiri.

Hapo awali shauri lilikuwa jepesi. Niklaus Wirth wa Zurich aliitunga Pascal mnamo 1970 kwa kusudi la kusomeshea, na vyuo vingi vya ulimwengu vikaishika kwa muda mrefu. Ikaja Java mwaka 1995, waajiri wakaitaka, na vyuo vikawafuata waajiri. Kisha ikawa zamu ya Python, hata chuo kikuu cha MIT kikaiacha Scheme, lugha iliyozaliwa hapo hapo. Kwetu Tanzania mabadiliko huja taratibu, kwani mtaala sharti upate ithibati ya Tume ya Vyuo Vikuu, na mhadhiri naye aghalabu hufundisha vyema zaidi lugha aliyoizoea.

Natuchukue karani wa chama cha ushirika anayetaka kujumlisha uzito wa magunia ya maharage. Kwa Python, mwanafunzi huandika mistari mitatu au minne, na fikra yake yote imo katika kazi yenyewe: anza na sifuri, pitia gunia moja moja, ongeza. Kwa Java ya miaka yote hiyo, kabla hajalifikia gunia la kwanza, alipaswa kuandika maneno kadhaa ambayo mwalimu humwambia ayanakili tu, maana yake ataijua baadaye. Nami naona kwamba kumzoeza mtu kunakili asichokifahamu, tena katika juma lake la kwanza, ni kumdhulumu.

Walakini Python nayo huficha mambo. Namba kamili ya kawaida katika Java, na katika C kwenye kompyuta nyingi, huhifadhiwa kwa biti 32, kwa hiyo haiwezi kuzidi 2,147,483,647. Bajeti ya halmashauri ya wilaya, ikihesabiwa kwa shilingi, huupita mpaka huo kwa mbali. Na Java, ikiongezewa moja juu ya kikomo hicho, huigeuza jumla ikawa hasi pasipo kutoa onyo lolote. Python hujiongezea nafasi yenyewe kimya kimya, hata mwanafunzi asiyejua lugha nyingine yamkini akahitimu bila kuwahi kuukabili mpaka huo.

Kwa hiyo nashauri Python muhula wa kwanza na C muhula wa pili, hesabu ile ile ya magunia ikiandikwa upya. Nawafikiria hasa vijana wa nyanda hizi za juu za Kibondo na Kasulu, katika mkoa uliofikiwa na gridi ya Taifa mwaka 2022 tu baada ya miaka mingi ya majenereta ya dizeli, ambao wengi wao huingia chuoni wakiwa wamegusa kibodi kwa saa chache mno. Aliyemaliza kidato cha sita naye aweza kuanza sasa: kompyuta kuukuu yatosha, Python hailipiwi, na ikishawekwa haihitaji intaneti; umeme ukikatika, azifuate hatua za programu kwa kalamu, akiandika jumla mpya baada ya kila gunia.